Miguu ya Muuza Viatu

Mume wangu aliugua sukari pale sukari ilipopatikana. Nasema hivyo mbele yake na yeye hucheka, ingawa tabibu alikwisha kutueleza kwamba ugonjwa ule hauji kwa njia nyepesi kiasi hicho. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namtilia chai, na macho yangu yaliona.

Miaka ya uhaba tulikunywa chai ya chumvi kama watu wengine. Unapanga foleni ya sukari mjini Singida tangu jogoo hajawika, halafu unarudi nyumbani na kipande cha sabuni, tena unashukuru. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa kana kwamba vitu vyote vilikuwa vimejificha nyuma ya mlango vikisubiri kuitwa. Soda, biskuti, maziwa ya kopo, nguo za kila rangi. Siku tuliyonunua mfuko wa kwanza wa sukari usio wa kupimiwa, mume wangu alikaa mezani akatia vijiko mpaka chai ikawa nzito kama asali ya Itigi.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Nalipiza," akasema, akaendelea kukoroga.

Alilipiza miaka kadhaa.

Ruksa hiyohiyo iliyotuletea sukari ndiyo iliyomtoa kazini. Alikuwa mtunza ghala wa ushirika, mtu wa funguo nyingi kiunoni. Ushirika ukapunguza watu, funguo zikarudishwa, na yeye akabaki nyumbani akizunguka banda langu la kuku na kuniambia jinsi ya kufuga kuku niliokuwa nafuga tangu usichana wangu kule Kinampanda. Nilimvumilia wiki chache. Kisha nikauza majogoo, nikampa mtaji, nikamwambia akatafute biashara mbali na banda langu. Akaanza kuuza viatu vya mitumba.

Biashara ilimkaa vizuri. Siku za kawaida alikuwa sokoni mjini, siku za mnada alipanda lori kwenda Ikungi au Shelui na belo lake, furushi kubwa la mitumba. Alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumuuzia nyoka kandambili. Na kila belo lilipofunguliwa, jozi nzuri kuliko zote haikufika mezani. Ilikuja nyumbani. Ndivyo alivyopata viatu vyake vya kahawia vyenye ncha kali mbele, vilivyombana kama mkwe mkali. Alivipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Kwa hiyo miguu ilipoanza kumwaka, sisi wote tulilaumu vile viatu. Mwanzoni alisema anasikia sisimizi wakitembea kwenye nyayo. Nikatafuta sisimizi, sikuona hata mmoja. Baadaye sisimizi wakawa upupu, na upupu ukawa moto. Mchana akiwa na wateja alijisahau, lakini akilala tu, miguu ilimkumbuka. Hakutaka shuka liguse vidole vyake. Aliipandisha miguu ukutani, akailaza kwenye sakafu ya saruji, akaitumbukiza kwenye beseni la maji, na asubuhi mimi ndiye niliyejikwaa kwenye beseni.

"Shuka linaniuma," aliniambia siku moja.

"Shuka halina meno."

"Hili lina."

Nilidhani anadeka. Mwanamume aliyebebeshwa magunia ya alizeti ujana wake wote, leo anaogopa shuka! Lakini nilipomtazama nikaona macho yamemwingia ndani, suruali imemlegea, na hana mzaha. Mtu mwenye maneno mengi akinyamaza, nyumba nzima inasikia.

Majirani wakatoa majibu. Jibu lililopendwa zaidi lilikuwa kwamba ametegeshewa kitu njiani na muuza viatu mwenzake wa Shelui, na yeye akakikanyaga. Mume wangu, msomi wa darasa la nane la mkoloni, alipinga kwa siku chache. Halafu usingizi ukaendelea kumkimbia, naye akaanza kusema, "Lakini kweli yule jamaa hunitazama vibaya."

Tukaambiwa kuna mganga hukohuko Shelui. Mganga akatuma maneno kwamba twende na kuku mweusi asiye na doa hata moja. Hapo ndipo mimi na mganga tulipogombana kabla hatujaonana. Kuku mweusi nilikuwa naye mmoja tu, mtagaji wangu bora, kuku aliyeheshimika mtaa mzima. Simtoi. Nikamkamata mwingine, wa madoadoa, mvivu wa kutaga na hodari wa kula, nikaingia naye stoo alikohifadhi mume wangu vitu vya biashara. Nilitumia kopo zima la dawa nyeusi ya viatu. Alipotoka mle alikuwa anang'aa kuliko viatu vya askari kwenye gwaride.

Mume wangu alimtazama akasema, "Huyu sijawahi kumwona."

"Una kuku wangapi unaowajua kwa sura?" nikamwuliza.

Jua la njiani lilikuwa kali na lori lilikuwa la chuma tupu. Tulipofika kwa mganga, kuku alikuwa anateleza. Mganga alikuwa mtu mzima mwenye adabu, kajifunga shuka jeupe safi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akamkalisha mume wangu kwenye kigoda, akamvua viatu. Akamshika kuku kwa mikono miwili akaanza kumpitisha juu ya nyayo, polepole, huku akinong'ona. Nikaona vidole vya mganga vinageuka vyeusi. Kisha viganja. Kisha akajipangusa kwenye shuka, na shuka nalo likachukua. Nikajua tumekwisha, nikaanza kupima kwa macho umbali wa kufika barabarani.

Mganga akaitazama mikono yake. Halafu akaiinua juu, watu wote waliokuwa wakisubiri wakaiona.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Mnaona uchafu waliomtupia? Unatoka!"

Watu wakapiga vigelegele. Mume wangu akatokwa na machozi ya faraja. Mimi niliuma upindo wa kanga yangu mpaka ukalowa, na mwanamke mmoja akanipigapiga mgongoni akisema, "Pole mama, lia tu, yamekwisha."

Na kweli kwa siku kadhaa alilala. Furaha nayo ni dawa, siwezi kuidharau. Kisha moto ukarudi palepale ulipokuwa, na alipotaka twende tena Shelui na kuku mweusi mwingine, nikaona nimwambie. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka akaenda stoo, nikasikia anatikisa makopo. Aliporudi alikuwa anacheka hadi anashika ukuta.

"Kumbe niliponywa kwa dawa yangu mwenyewe ya viatu," akasema. "Na kopo lile lilikuwa jipya!"

Kilichotupeleka hospitali si maumivu. Ni kukosa maumivu. Alasiri moja nilikuwa nimetoka kupiga deki, saruji bado ina maji, akaingia kutoka sokoni na viatu vyake vya ncha. Akavivua, akaenda chumbani na soksi tu miguuni. Nikaona alama nyekundu zinamfuata sakafuni kama mhuri.

"Umekanyaga nini?"

"Wapi?"

"Mguuni! Unaniharibia sakafu!"

Akaangalia chini, akashangaa kuliko mimi. Nikamkalisha. Msumari mfupi wa fundi viatu ulikuwa umetoboa soli ya kiatu chake cha kushoto na kuingia chini ya kidole kidogo, na alikuwa ametembea nao kutoka sokoni hadi nyumbani, pengine mchana kutwa. Nikamwuliza kama haumwi. Akasema hasikii kitu. Nikagusa jirani ya kidonda, akasema hasikii kitu. Mtu huyuhuyu ambaye shuka lilikuwa linamng'ata! Akajaribu kunitania, "Bora, nimepona." Mimi sikucheka. Nilifunga safari palepale.

Hospitali ya misheni iko upande wetu wa Iramba. Tabibu aliyetupokea alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, yaani mtani wetu, na alipojua sisi ni Wanyiramba, uso wake ukachangamka.

"Mnyiramba na viatu vya namna hii?" akasema, akikishika kiatu cha kahawia kwa vidole viwili. "Umemwibia nani?"

"Nimemvua Mnyamwezi mmoja mnadani," mume wangu akajibu. "Alikuwa amevivaa mikononi."

Wakapendana tangu hapo. Wakachukua mkojo wake, wakauchanganya na dawa ya bluu kwenye kichupa cha kioo, wakaupasha moto juu ya kitaa cha spiriti. Bluu ikageuka kijani, kijani ikageuka rangi ya tofali la kuchoma. Tabibu akatuonyesha, akasema hiyo yote ni sukari. Kisha akachomoa kijiti cha ufagio, akamwambia mume wangu alale, afumbe macho.

"Nikikugusa, sema nimekugusa wapi."

Akagusa kidole gumba. "Gumba," akasema mume wangu. Akagusa cha katikati. "Cha katikati." Akagusa kisigino, akajibu sawasawa, na kila jibu lilikuwa na majivuno ya mtoto wa darasani. Mimi nilikuwa nimesimama kichwani pake. Niliona kope za jicho la kulia zinacheza. Mume wangu hajawahi kukubali kufeli mtihani, hata mtihani wa miguu.

Tabibu naye hakuwa mjinga. Akashusha kijiti, akakisimamisha hewani karibu na kidole kidogo, bila kugusa.

"Na sasa?"

"Kidole kidogo."

"Mtani, sijakugusa."

Kisha tabibu akaomba kanga yangu, nikampa kwa furaha, akamfunga macho kwa fundo. Wakaanza upya. Safari hii mume wangu alilala akisubiri, na kijiti kilipita vidole vyote, kikashuka unyayo mzima, naye akauliza, "Mbona huanzi?"

Nilitazama pembeni. Huo ndio wakati niliotaka kulia kweli, na hapakuwa na mtu wa kunipigapiga mgongo.

Tabibu alimfungua macho, akavuta kiti akakaa. Alieleza bila haraka. Alisema sukari ikizidi kwenye damu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanzia mbali, kwenye nyayo, kwa sababu huko ndiko mishipa iliko mirefu.

"Umewahi kupiga simu posta?" akamwuliza.

"Nimepiga."

"Waya ukiharibika, inakuwaje?"

"Unapiga hupati. Au unasikia makelele tu."

"Na wakati mwingine simu inalia yenyewe wala hakuna aliyepiga. Ndiyo miguu yako. Moto unaousikia usiku, hakuna moto. Waya unapiga kelele. Na msumari ulipokuja na habari ya kweli, laini haikupatikana."

Mume wangu akafikiri. "Mafundi wanaweza kuunga?"

"Zilizokatika siwezi kukuahidi. Tutashusha sukari, ili zilizobaki zisifuate. Na kelele tutaipunguza. Kuipunguza, mtani, sijasema kuiondoa. Lakini huo mguu usiosikia ndio unaonitisha mimi kuliko huo unaowaka."

Alikuwa na haki ya kutishika. Kile kidonda hakikukubali kupona. Tulilazwa, wakasafisha, wakachoma sindano, na mwisho kidole kidogo cha mguu wa kushoto ikabidi kikatwe. Mume wangu alipozinduka alitaka kujua kidole kimepelekwa wapi, akalalamika kwamba kimezikwa bila ndugu kuitwa. Mtani wake akaja wodini amejifunga kanga ya muuguzi kichwani, akilia kwa sauti, akidai ubani wa msiba. Wagonjwa wa wodi nzima walicheka, mpaka mzee mmoja aliyeshonwa tumbo akaomba mtani atolewe nje. Lakini mtani alipoondoka, mume wangu alinishika mkono akasema polepole, "Mama watoto, nisaidie kubaki na hivi vingine." Nikamwambia nitasaidia. Sikutania.

Tulirudi mjini na masharti. Sukari ya chai, basi. Soda, basi. Ugali wa uwele kwa kiasi, mlenda, dagaa, mboga kwa wingi. Vidonge vya kushusha sukari. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Asipashe miguu kwenye jiko la mkaa wakati wa baridi, asitie miguu kwenye maji ya moto kabla mimi sijayapima kwa kiwiko. Na kidonge kimoja kidogo cha jioni, cha kutuliza ile kelele ya nyaya.

Hicho kidonge ndicho kilicholeta vita. Tulipokwenda kununua vingine kwenye duka la dawa mjini, muuzaji akakitazama akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hii si wanapewa wenye matatizo ya akili?" Mume wangu akageuka akatoka. Nyumbani akasema yeye ana ugonjwa wa miguu, si wa kichwa, na mtani wake amemfanyia utani uliopita kiasi. Tabibu alikuwa ametueleza kabisa kwamba dawa hiyo ina kazi zaidi ya moja, kwamba kwa kiasi kidogo inatuliza mishipa, kwamba itamkausha mdomo na kumpa usingizi mzito. Nilimkumbusha yote. Alinigeuzia mgongo, na kila kulipopambazuka nilimwona ameketi na miguu yake kwenye beseni, amekasirika na dunia.

Aliyetuokoa ni muuza masufuria wa mnada wa Ikungi. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda na kuku wangu, kwa hiyo niliona. Mteja mmoja mgumu alikuwa amekishikilia kiatu tangu asubuhi, anakishusha bei, anakirudisha, anakichukua tena, anasema kina harufu. Mume wangu, kwa kukosa usingizi, akampigia kelele. Yule muuza masufuria, ambaye habari za duka la dawa zilikuwa zimemfikia, akamvuta mteja kando akamnong'oneza kwa sauti ya muuza masufuria:

"Ndugu yangu, lipa uondoke. Huyu mzee ameandikiwa dawa za vichaa na amegoma kuzimeza."

Mteja alilipa. Hakungoja hata chenji. Na waliokuwa nyuma yake wakalipa pia, kwa heshima kubwa.

Jioni ile mume wangu aliomba kidonge chake mwenyewe. "Kama jina nimeshalipata," akasema, "acha nipate na faida yake." Dawa haikufanya kazi siku hiyo, wala wiki hiyo. Nafuu ilikuja taratibu. Siku moja nikagundua beseni limekauka pembeni ya ukuta na hakuna aliyelisogeza. Moto ulikuwepo, lakini umekuwa makaa.

Kilichobaki kilikuwa viatu. Tabibu alisema vya ncha vife. Vinatakiwa vipana, laini ndani, visivyo na mshono wa kusugua, soli nene. Tukapekua belo baada ya belo. Jozi pekee iliyomkaa ilikuwa ya mama fulani mnene wa Ulaya, nyeusi, yenye ua la ngozi juu ya kifundo. Alilikata ua kwa wembe. Alama yake haikufutika, na sokoni wakamwita Bibi Harusi kwa miezi. Akaitika. Vile vya kahawia nilimwuzia mwalimu mmoja kijana, nikamwonya kwanza avitikise na apapase ndani kwa mkono kabla ya kuvaa. Aliniona mwanamke wa ajabu.

Nyayo zake nazikagua mimi kila jioni kabla jua halijazama, kwa sababu yeye tumbo limemrudia na halimruhusu kuinama. Anakaa kizingitini, mimi nakaa kwenye kigoda na mguu wake mapajani pangu, nakagua katikati ya vidole, napaka mafuta ya alizeti kwenye visigino vilivyopasuka. Wapita njia wa mwanzo walidhani ni unyenyekevu wa mke. Wanawake wenzangu walinilaumu kwamba nawaharibia waume zao. Hawakujua kwamba hapo ndipo nilipokuwa nampa habari zote mbaya, maana mtu aliyeshikwa mguu hawezi kuondoka. Ada za shule, paa linalovuja, maneno ya dada zake, yote niliyasema pale.

Haijapona. Kipupwe kikija na upepo wetu wa Singida, bado kuna siku anaamka na uso uliokunjamana, nami naacha kutania mpaka chai ya pili. Lakini vidole vilivyobaki vipo vyote.

Binti yetu alipoolewa, sherehe ya nyumbani ilikuwa Kinampanda. Mikeka ilitandazwa, na wote walivua viatu, isipokuwa baba wa bibi harusi. Shangazi zake wazee wakaanza kunung'unika kwamba mjini kumemfunza kiburi. Mmoja akamwendea.

"Mwanangu, vua viatu ukae na wenzako."

"Shikamoo shangazi," akasema. "Sivui kwa sababu. Ngoja nikueleze."

Akaanza kueleza. Akaanzia chai ya chumvi. Nilimwona anakuja Ikungi, anapita Shelui, anamfikia kuku, na wali ulikuwa unapoa kwenye masinia. Watu wakatazamana. Shangazi akainua mikono, akaagiza kiti, wakamkalisha na viatu vyake miguuni, wakampa sahani ya kwanza, ya nyama nzuri, ili anyamaze. Akanitafuta kwa macho kati ya watu, akanikonyeza.